Sifuri ya Igumilo

Kwenye ramani ya ukutani kijiji cha Igumilo hakikuwa na doa hata moja, na hilo lilimkera Egidius Mbano kuliko nzi kwenye kikombe cha chai.

"Nchi nzima ina ndui," alisema, akizungusha mkono mbele ya madoa mekundu yaliyotapakaa kutoka ziwa hadi ziwa. "Wanasheria wananaswa. Maprofesa wananaswa. Mwezi jana nimemnasa askofu kwa barua ya mzigo ambao hakuuagiza. Akaukubali na akauombea baraka. Lakini hawa watu wako wa Mufindi, kaya hamsini na moja, miezi kumi na moja, sifuri! Niambie, Mnyalukolo, kusoma wanajua kweli?"

"Wanajua kuliko Wangoni," Redempta Kihwelo alijibu bila kuinua macho. "Ninyi barua ikifika mnauliza kwanza inapikwa na nini."

Mbano alicheka hadi mabega yakatikisika. Alikuwa bosi wake, tena bosi wa kufokea watu, lakini Mhehe, yaani Mnyalukolo, na Mngoni ni watani tangu mababu walipochoka kuuana, na mbele ya utani cheo huvua viatu. Kicheko kikaisha. Ramani ikabaki pale pale.

Redempta alikuwa mtega chambo wa kampuni ya Chonjo. Kazi yake, kwa ufupi, ilikuwa kusema uongo kwa nia njema. Aliandika barua pepe zilizovaa nguo za kampuni zinazoaminika, ya maji, ya umeme, ya mizigo, kisha akazituma kwa raia kuona nani atazikubali. Maana tangu ilipopita Sheria ya Kauli hakuna mtu aliyekuwa na nywila wala saini. Ulisimama mbele ya kioo cha nyumbani ukasema "nakubali", na sauti yako ndiyo ikafungua mlango, ikaidhinisha upasuaji, ikauza shamba, ikaoa. Tapeli aliyeipata "nakubali" yako kwenye jambo dogo aliweza kuifuma hadi jambo kubwa. Kuna mzee mmoja wa Kahama alikubali kubadilishiwa mita ya maji, akaamka ameolewa.

Ndiyo maana Chonjo walikuwepo. Kijana aliyenaswa na chambo chao alipewa somo la wiki moja. Aliyevuka miaka sabini hakupewa somo. Kauli yake ilitiwa kufuli siku hiyo hiyo, na ndugu wa karibu akateuliwa kuwa msemaji wake, aseme kwa niaba yake hadi kifo. Kwa usalama wake mwenyewe, sheria ilisema. Na sheria ni kama mng'oa meno, mdomo unaouma si wake.

"Zile dalili za zamani hawazitumii," Mbano aliendelea. "Nimepitia."

Dalili za zamani kila mtu alizikariri shuleni. Tazama anwani ya mtumaji. Ogopa haraka isiyo na sababu. Usibonyeze kiungo, funga barua, itafute kampuni kwa namba unayoijua mwenyewe. Ushauri mzuri, na hauna kutu hata leo. Ila mashine za siku hizi ziliandika barua safi kuliko kampuni zenyewe. Ukikuta barua ina makosa, ulikuwa na hakika kwamba imeandikwa na mtu mwaminifu mwenye usingizi.

"Wana dawa yao," Mbano alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Na wewe unaijua, Redempta. Umezaliwa kule. Kama kuna mlango, matapeli watauona kesho. Heri tuingie sisi kwanza, tuwaamshe."

Redempta alisema hajui. Alikuwa mwongo kwa taaluma, lakini uongo huo ulimtoka vibaya.

*

Jumamosi asubuhi alikuwa Igumilo, jikoni kwa Shangazi Otilia, wakimenya viazi huku ukungu umekaa juu ya paa kama mgeni asiyejua kuaga.

"Kamwene, shangazi."

"Kamwene. Umekonda. Huko mjini mnakula barua?"

Shangazi Otilia Kihwelo alikuwa na miaka sabini na sita, magoti mabovu na ulimi mzima. Ndiye aliyemlea Redempta baba yake alipofariki. Nyuma ya nyumba palikuwa na safu ya mipaini minene, na chini ya mipaini makaburi matatu: la mumewe na ya watoto wake wawili.

"Longino amekuja tena na watu wa kiwanda cha mbao," alisema, akielekeza kisu dirishani. Longino alikuwa mtoto wa marehemu mumewe kwa mke wa kwanza. "Eti miti imekomaa. Nikamwambia mimi pia nimekomaa, mbona hawajaniletea msumeno? Maadamu nina kauli yangu, hapa halikatwi hata tawi."

Kioo cha ukutani kikawaka. Barua kutoka Mche Bora, kampuni ya miche ya miti: *Ndugu mteja, mgao wako uko tayari. Tafadhali kubali ili tuulete.*

Shangazi hakutazama anwani. Hakutazama kitu. Alifuta mikono kwenye kitenge akakisogelea kioo kwa ukali wa mtu anayekaribia ugomvi.

"Gama! Bado hujarudi kwenu? Babu yako aliyetoka kusini si alisema anapita tu?"

Akarudi kwenye viazi vyake. Alimenya viwili, akaanza cha tatu. Kioo kikawaka tena.

*Alikuwa anapita kweli. Alipofika kwenu akasikia harufu ya jikoni, ikabidi amtafute mbwa wake kwanza. Hatujampata hadi leo.*

Shangazi, kama Mhehe yeyote anayetaniwa kwamba hula mbwa, alicheka hadi kiazi kikamponyoka. "Huyo ni Kassian Gama mwenyewe, Mngoni wa Mche Bora. Nakubali, mpita njia wewe! Lete miche!" Kisha akamgeukia Redempta akipangusa macho. "Juzi ilikuja nyingine, nembo ile ile, maneno yale yale. Nikamuuliza habari za babu yake vivyo hivyo. Unajua alinijibu nini? 'Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza, maoni yako ni muhimu kwetu.' Nikaifuta. Mtu unamtukania babu yake anakushukuru, huyo ni mtu?"

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya Igumilo. Mashine zote za kuandikia barua zilikuwa zimefungwa adabu kwa sheria. Hazikuweza kumkejeli mtu hata ukizibembeleza, na matapeli walikodi mashine hizo hizo. Basi Igumilo walimtukana kila mwandishi wa barua kwanza, wakangoja. Aliyeomba radhi alifutwa. Aliyetukana vizuri akaaminiwa. Kampuni zilizotaka kusomwa kijijini zilijifunza zenyewe, bila kuambiwa, kuajiri Mngoni wa kuwajibu.

Redempta alimenya viazi vyake, akatamani asingekuwa amekuja.

*

Jumatatu Mbano alimwekea barua moja juu ya meza. Ilikuwa imedakwa Njombe, ya matapeli wa kweli kweli, na ndani yake mtu alikuwa amejaribu utani. Alijaribu vibaya, kama bwana harusi anayecheza ngoma ya wakwe. *Wewe Mbena una kichwa kikubwa sana. Kubali hapa.*

"Wamefungua mashine adabu," Mbano alisema. "Hawajajua kuchekesha bado. Watajua. Hii ndiyo dawa yenu, siyo? Nilihisi. Hata mimi mamangu huwa anafanya."

"Kwa nini ukaniuliza basi?"

"Kwa sababu mimi nikiandika, Mhehe atanusa. Anayejua Mngoni anapaswa kumtukanaje Mhehe mpaka acheke ni Mhehe aliyetukanwa tangu utotoni." Akavuta kiti. "Sikiliza, mtani wangu. Chambo chetu kikiwanasa, vijana watapewa somo, kijiji kitajua utani si ngao tena. Cha matapeli kikiwanasa, hakuna somo. Kuna kuamka umeuzwa."

Ubaya wa hoja ile ni kwamba haikuwa na tundu. Redempta aliigeuza usiku na mchana akilitafuta, hakuliona.

"Na wazee?" aliuliza.

"Jina la shangazi yako limo kwenye orodha ya ndugu zako. Mfumo wenyewe hauruhusu atumiwe. Nakupa neno la Mngoni."

"Ndilo linalonitia wasiwasi," Redempta alisema, na wote wawili wakacheka, kwa kuwa ndivyo walivyozoea.

Wazee wengine wa Igumilo aliwahesabu kimoyomoyo, akaishia kwa wa tatu, akaacha kuhesabu.

Aliandika kwa siku nne. Hakuandika kwa mashine, aliandika kwa kumbukumbu; aliketi tena kwenye mapaja ya shangazi yake msibani, akiwasikia watani wakilaani uvivu wa marehemu aliyelala mchana wakati wageni wamekuja. Kila tusi lilipomchekesha mwenyewe, alijua limeiva. Mashine ya Chonjo ilikuwa kando yake ikisoma kila alichoandika, kwa bidii ya mwanafunzi wa mbele. Kufikia Ijumaa ilikuwa inamtangulia.

*

Chambo kilitumwa Jumamosi kwa jina la Mche Bora. Kufikia saa nne asubuhi Igumilo ilikuwa nyekundu kaya thelathini na tisa. Saa tano, arobaini na tatu. Watu wa Chonjo walimpigia Redempta makofi, naye akainuka akainamisha kichwa. Si haba, kazi nzuri ni kazi nzuri, hata ya mchimba kaburi.

Saa sita kasorobo likatokea doa la arobaini na nne. *Otilia Kihwelo, 76.*

"Hakutumiwa!" Redempta alisema. "Hakutumiwa, Mbano, jina lake halikuwemo!"

Mbano aliitafuta rekodi ya wakati huo. Akaiwasha.

Barua ilikuwa imeenda kwa jirani, Mama Veneranda Luhwago. Naye alipouliza habari za babu, kama ilivyo desturi, alijibiwa hivi: *Mama Luhwago, juzi nimepita kwako nimeona mbwa amenenepa. Sherehe ni lini, na mbona sijaalikwa?* Hilo Redempta alilitunga Jumatano, akalicheka peke yake hadi chai ikampalia.

Kwenye rekodi Mama Luhwago alisikika akipiga kelele kupitia dirishani. "Otilia! Otilia, njoo usikie Kassian alivyonifanya!" Kisha miguu, kisha wanawake watatu au wanne, kisha kicheko ambacho Redempta angekitambua hata kaburini. Maana Igumilo tusi tamu halikuwa mali ya mtu mmoja. Liliitiwa watu kama mboga mpya.

"Toka hapo, Veneranda," sauti ya shangazi ilisema, ikihema. "Ninyi hamjui kutukana. Ngoja nimjibu mimi. Gama! Sherehe ni kesho, mbwa tunaye, tunangoja Mngoni wa kumkamata, maana mnajuana! Na hiyo miche ya Veneranda nakubali, nakubali mara mbili, uilete na miguu yako mwenyewe tukuone!"

Rekodi ikanyamaza.

"Barua haikuwa yake," Redempta alisema. "Alikuwa anatania tu."

"Kauli ni kauli," Mbano alisema polepole. Hakuwa na furaha, hilo lazima lisemwe. "Alisema mbele ya kioo. Kufuli inajifunga yenyewe, Redempta. Sina ufunguo."

*

Jumatatu alimkuta shangazi yake nje, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitenge kimelowa manyunyu. Mlango ulikuwa umefungwa nyuma yake.

"Haunisikii," shangazi alisema. "Nimeuambia fungua, nimeuambia tafadhali, nimeutukana hadi kwao ulikochongwa. Tunamngoja Longino atoke dukani."

Longino alifika na kilo ya sukari, akasema "fungua", mlango ukafunguka. Alikuwa mtu mpole wa miaka hamsini, na aliona aibu.

"Sikuomba mimi, Redempta. Niliamka nimeandikiwa kwamba mimi ndiye msemaji." Akaweka sukari mezani kwa uangalifu. "Ila nilivyokuwa msemaji, nimewakubalia watu wa mbao. Alhamisi. Makaburi watayazungushia uzio, wameahidi."

Shangazi akamwambia akachote maji, kama anavyotumwa mtoto. Longino alipotoka, shangazi akauliza bila kugeuka.

"Yule Mngoni alikuwa nani?"

Redempta alikuwa amepanga maneno njiani. Yalikuwa maneno mazuri, yenye matapeli na Njombe na usalama ndani yake.

"Mimi, shangazi."

Nje maji yalisikika yakiingia ndooni.

"Ile ya mbwa?"

"Hiyo pia."

"Nilicheka siku mbili, hata mlango umekwisha nikataa," shangazi alisema. "Nilikuwa nalala, nikiikumbuka nacheka. Nikasema Kassian mwaka huu amekua."

"Nilitaka niwaamshe kabla hawajawaibia. Wako njiani, shangazi, nimeona barua zao kwa macho yangu."

"Huenda. Sasa niambie, kauli yangu anayo nani? Matapeli?"

Redempta aliitazama sukari ya Longino pale mezani.

"Hakuna namna ya kuirudisha?" shangazi aliuliza.

Ipo, ilibidi akiri. Kanuni ilisema mtega chambo asitumie jambo alilolijua kwa ndugu zake. Akitumia na akakiri, jaribio zima linafutwa, kufuli zote zinafunguka, naye anapoteza leseni na kupigwa marufuku kazi hiyo maisha yake yote. Lakini kufuta ni kufuta kila kitu. Kijiji hakitapewa somo, hakitatumiwa onyo, kwa kuwa kisheria halitakuwa limetokea jambo la kuonya. Na mashine ilikwisha kusoma. Alichoifundisha hakuna kanuni ya kukitoa.

"Nikifuta, mtabaki uchi, shangazi. Wakija na utani kama wangu, watawachukua wote. Nikiacha, angalau..."

"Angalau nini? Angalau nitunzwe kama sukari, kwenye kopo la mtu mwingine?" Kwa mara ya kwanza sauti ya kikongwe ikapanda. "Mwanangu, nikitapeliwa, nimetapeliwa mimi, Otilia, kwa ujinga wangu. Nitalia kwa mdomo wangu mwenyewe. Nirudishie mdomo wangu. Hayo mengine si yako."

*

Alikiri Jumanne. Mbano alisoma karatasi mara mbili akaisukuma kando.

"Unajua tusi lako limefika wapi? Jana usiku mashine yetu imeibiwa nakala. Leo asubuhi Wazaramo wameanza kupokea barua kutoka kwa watani wao Wasukuma ambao hawapo. Wanacheka na kukubali, wanacheka na kukubali." Alivua miwani. "Na wewe unakwenda kuwafungulia milango Igumilo."

"Wewe ndiye uliyesema tuingie kwanza."

"Nilisema." Akagonga muhuri. "Kwaheri, Mnyalukolo." Redempta alingoja aongeze kitu, tusi dogo la njiani tu. Mbano alikuwa tayari anatazama ukuta.

Kufuli zilifunguka Jumatano jioni. Alhamisi watu wa mbao walipofika, shangazi aliwasimamia chini ya mipaini akasema "sikubali", na misumeno yao, iliyokuwa na masikio ya kisheria, ikakataa kuwaka. Redempta alisimama kando yake. Lilikuwa jambo tamu kuliko yote aliyoyaona mwaka ule, na lilidumu kama robo saa.

Kwa kuwa hakuna aliyetakiwa kuwaonya, aliwaonya yeye. Alipita nyumba kwa nyumba, hamsini na moja, akisimulia alichofanya, akitazamwa. Msijibu utani kwenye kioo. Hata ukiwa mtamu. Ukiwa mtamu ndiyo msijibu kabisa. Walimsikiliza vizuri, Wahehe wakiumizwa husikiliza. Mwezi ule barua za matapeli ziliingia Igumilo sitini na mbili, zenye mbwa, zenye mababu, zenye vichekesho ambavyo hata yeye asingeviweza. Hakuna aliyenaswa. Kijiji kilirudi kwenye sifuri.

Jumapili ya mwisho, baada ya misa, kabla hata viatu vya kanisani havijavuliwa, mtu alisimama kwenye lango la shangazi. Mwanamume mfupi, mvi kidevuni, amebeba trei ya miche kichwani. Redempta hakuwahi kumwona ana kwa ana, lakini Igumilo nzima ilimjua.

"Hodi humu kwa walaji!" Kassian Gama alipaza sauti. "Barua nane sijajibiwa! Nikasema labda wamemaliza mbwa, wamehamia kwenye vioo! Otilia, mzee wewe, umekufa au unanuna?"

Akangoja, uso umekwisha jiandaa kucheka.

Mtaa mzima ulisikia. Mama Luhwago alikuwa dirishani, mkono mdomoni. Mtu mmoja akafunga mlango wake taratibu. Shangazi alitoka hadi barazani, akamtazama mgeni kuanzia miche hadi viatu, na Redempta akaona midomo yake ikitetemeka, jibu limefika mlangoni, limefika kabisa, tamu, linagonga.

"Karibu, ndugu yangu," Shangazi Otilia alisema. "Samahani kwa usumbufu. Tunaomba kitambulisho."

"Otilia. Mimi Gama."

"Ndivyo walivyosema wote."

Kassian alimtazama Redempta, akamtazama tena shangazi, akingoja mmoja wao aangue kicheko. Kisha akatua trei chini, akapapasa mfuko wa koti, mfuko wa shati, hadi akakipata. Akakitoa kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa kidogo, kwa adabu, kama mtu anavyofanya ugenini.